Mlinzi Ndani ya Kompyuta

Mwaka 1986, katika jimbo la Massachusetts nchini Marekani, kilianza kuuzwa kidude cha redio kilichofichwa ndani ya gari mahali ambapo hata mwenye gari hakuonyeshwa. Kiliitwa LoJack. Gari likiibiwa, mwenyewe alitoa taarifa polisi, kidude kikaamshwa kwa mawimbi ya redio, nacho kikaanza kutoa ishara iliyonaswa na mashine zilizofungwa katika magari ya doria. Mwanzilishi wake, William Reagan, alikuwa amewahi kushika madaraka ya polisi katika mji wake, na pengine ndiyo sababu mpango wote uliwategemea polisi tangu siku ya kwanza. Kujua gari liko wapi ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuwa na askari wa kulifuata.

Naanza na magari kwa sababu jina hilo hilo ndilo walilokuja kuuziwa wazazi wa wanafunzi miaka 19 baadaye, na mimi nimelazimika kulitafakari. Mpwa wangu ameingia mwaka wa kwanza wa chuo hapa Dar es Salaam. Kompyuta mpakato yake tuliichangia ukoo mzima, wengine kwa elfu kumi kumi, na atakuwa akilala katika chumba cha bweni chenye watu wanne. "Mjomba," akaniuliza, "tulipie na ile programu ya kuitafuta ikiibiwa?" Lilikuwa swali la haki. Nikamwambia anipe wiki moja.

Jambo la kwanza nililokutana nalo ni utafiti wa mwaka 1998 wa wachumi wawili wa Marekani, Ian Ayres na Steven Levitt. Walichunguza miji iliyokuwa na LoJack wakaona wizi wa magari umepungua mji mzima, hata kwa wasiokuwa nacho. Sababu ni kwamba mwizi hakuweza kujua ni gari lipi lina kidude, akayaogopa yote. Kwa hesabu yao, aliyelipia kidude alipata chini ya asilimia 10 ya faida yake. Iliyobaki iliwaendea majirani. Sijui ni mfanyabiashara gani angependa kuliandika hilo katika tangazo lake.

Kompyuta zilifuata. Kampuni ya Absolute Software ilianzishwa Vancouver, Kanada, mwaka 1993, na programu yake iliitwa Computrace. Enzi hizo kompyuta ilijiunga na dunia kwa modemu na waya wa simu. Programu ilisubiri kimya, kisha ikapiga simu kwa kampuni bila mtumiaji kusikia, na namba iliyopigia ndiyo iliyosema mashine iko wapi. Intaneti ilipoenea, simu ikawa ujumbe wa kimyakimya. Mwaka 2005 kampuni hiyo ilikodi jina la LoJack kutoka kwa watu wa magari, ikaanza kuwauzia watu binafsi, wanafunzi wakiwamo, kwa dola 40 hivi kwa mwaka.

Mwizi mwenye akili, utasema, atafuta kila kitu kwenye diski na mchezo umekwisha. Hilo walilifikiria. Walikubaliana na watengenezaji wakubwa wa kompyuta, Dell na HP wakiwamo, mbegu ya programu ipandwe nje ya diski, katika ile programu ya kuanzishia mashine iitwayo BIOS, iliyomo kwenye ubao mkuu. Ikishawashwa, hata ukiingiza diski mpya kabisa, mbegu huchipua tena mara Windows inapoanza. Kwa ufundi, nawavulia kofia.

Lakini mlinzi asiyefukuzika ni mlinzi wa namna gani? Mwaka 2009 watafiti wawili wa kampuni ya Core Security walisimama katika mkutano wa Black Hat, Las Vegas, wakaonyesha kwamba mbegu ile ingeweza kugeuzwa na mtu mbaya ikatii amri zake. Mwaka 2018 kampuni ya ESET ilitangaza kugundua kitu walichokiita LoJax: programu ya LoJack iliyochakachuliwa na kundi la wadukuzi ambalo serikali ya Marekani inalihusisha na jeshi la Urusi, pamoja na kirusi kilichojificha kwenye ubao mkuu kwa mbinu ya namna ile ile. Wadukuzi hao, bila shaka, hawana shida na kazi za darasani za mpwa wangu. Ila nilijiuliza kama ni busara kulipia mlango ambao ufunguo wake hatuushiki sisi.

Kisha nikafika Pennsylvania, na hapo nilikaa siku mbili.

Wilaya ya elimu ya Lower Merion, karibu na Philadelphia, ilikuwa imewagawia wanafunzi wake wa sekondari kompyuta mpakato zipatazo 2,300. Ndani yake mliwekwa programu yenye kipengele cha kufuatilia wizi: kikiwashwa, kamera ya kompyuta ilipiga picha kila baada ya dakika 15, na kunakili kilichokuwa kwenye kioo, vyote vikaenda kwa mafundi wa wilaya. Wanafunzi na wazazi hawakuelezwa. Mwaka 2009 kipengele hicho kiliwashwa kwa kompyuta ya kijana mmoja wa miaka 15, ambayo haikuwa imeibiwa na mtu. Alikuwa ameipeleka nyumbani bila familia yake kulipa bima ya dola 55. Kwa muda wa wiki mbili hivi zilikusanywa picha zaidi ya 400, nyingine akiwa chumbani mwake. Jambo lilifumuka pale mkuu msaidizi wa shule alipomwita na kumtuhumu kwa kitu alichoonekana nacho kwenye picha. Alidhani ni vidonge vya kulevya. Familia ikasema ni peremende.

Kesi ilifunguliwa Februari 2010. Uchunguzi ulikuta picha zaidi ya 50,000 zilizokusanywa kwa mtindo huo, na nyingi zilitoka kwenye mashine ambazo kipengele kiliwashwa kisha kikasahauliwa. Waendesha mashtaka hawakumshtaki mtu, lakini Oktoba mwaka huo wilaya ilikubali kulipa dola 610,000, sehemu kubwa ikienda kwa mawakili.

Nilipomsimulia dada yangu, mama wa binti, alisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Kwa hiyo tukiiweka, tutakuwa tunajua yuko wapi?" Hakuwa anatania. Alikuwa amepata sababu ya kuinunua pale pale nilipopata sababu ya kuikataa. Simlaumu, mtoto wake wa kwanza kulala nje ya nyumba. Lakini wale wa Lower Merion nao hawakuanza na nia ya kuchungulia vyumba vya watoto. Walianza na orodha ya mali na hofu ya wizi, na chombo kilipokuwa tayari mikononi, ada ya bima isiyolipwa ikatosha kukiwasha. Nilimwambia dada kwamba binti ana miaka 19, na akitaka kujua yuko wapi ampigie simu amuulize. Tukanuniana siku kadhaa.

Kuna kisa cha Ohio pia, ambacho hukumbukwa kwa nadra. Mwaka 2008 mwalimu wa muda katika mji wa Springfield alinunua kompyuta kutoka kwa mwanafunzi kwa dola 60. Ilikuwa ya wizi, mali ya wilaya ya elimu, na ilikuwa na programu ya Absolute. Mfanyakazi wa kampuni hakuishia kutafuta anwani yake ya intaneti. Alinasa mazungumzo yake ya faragha na rafiki yake wa kiume, na picha za aibu, akawakabidhi polisi, nao wakafika kwa mama huyo wakiwa nazo mkononi. Mwaka 2011 jaji wa mahakama ya shirikisho alikataa kuifuta kesi aliyoifungua, akiona kwamba kampuni ingeweza kuwa imevuka mpaka, na baadaye pande zikapatana. Ndugu msomaji, wangapi kati yetu tumenunua kompyuta ya mkono wa pili tukauliza risiti ya kwanza? Zinazoletwa huku kutoka ofisi na shule za ng'ambo zinaweza kuwa bado na mbegu ile kwenye ubao wake.

Linabaki suala la askari. Simu hapa kwetu ina namba yake ya IMEI, na mitandao inaweza kuifungia. Tuliona Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano ilipozizima simu bandia nchi nzima. Kompyuta mpakato haina kitu kama hicho. Programu ya kulipia, kama Prey iliyoanzia Chile mwaka 2009, itakuletea ramani na labda picha ya sura usiyoijua. Baada ya hapo utakuwa na karatasi ya RB ya kituoni na nukta kwenye ramani iliyoangukia nyumba yenye wapangaji wanane. Nani atakwenda kupiga hodi? Simwombei mpwa wangu awe yeye.

Na kutafuta kwa kawaida hakulipiwi tena. Apple waliiweka huduma hiyo katika kompyuta zao mwaka 2011, Microsoft mwishoni mwa 2015. Hainasi picha, haichipui upya diski ikifutwa, lakini inasema mashine ilionekana wapi mara ya mwisho. Tuliiwasha. Nywila anayo yeye peke yake. Mimi sikuitaka na mama yake hakupewa.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Tuliiandika namba ya kompyuta iliyo chini ya mashine, tukaipiga picha pamoja na risiti. Tukawasha ufungaji wa siri wa diski, ambao kompyuta nyingi za sasa wanao bila malipo, ili atakayeiiba apate chuma na plastiki tu, asisome barua wala picha za mtu. Hasara kubwa ya mwanafunzi, nijuavyo mimi niliyewahi kusimamia tasnifu, huwa ni sura tatu zilizoandikwa usiku wiki mbili kabla ya tarehe, na hizo hakuna ramani inayozirudisha.

Kwa hiyo fedha za programu zilinunua diski ya nje. Inakaa kwa mama yake Mbagala, si katika mfuko mmoja na kompyuta. Kila Jumapili binti huenda kula huko, na wakati wali unaiva hunakili kazi zake za wiki.