Shule kwa Watoto Maskini: Sadaka Yetu Huishia Wapi?

Sote tunaufahamu mnada wa baada ya ibada. Mazao yaliyotolewa kama sadaka hupangwa nje ya mlango wa kanisa: mkungu wa ndizi, nazi tatu, jogoo aliyefungwa miguu, mayai kwenye sahani. Mzee wa kanisa hunadi, washarika hucheka, na yai moja hununuliwa kwa bei ya trei nzima, maana mnunuzi anajua kwamba anatoa sadaka. Kwa njia hii, hapa Tanga na kule milimani Usambara, tumejenga makanisa, zahanati na shule. Tunamshukuru Mungu. Lakini yai lile mara nyingi limeletwa na bibi anayelea wajukuu peke yake. Je, shule iliyojengwa kwa yai lake inampokea mjukuu wake? Ili kulijibu swali hili, inafaa turudi nyuma kidogo.

Mwaka 1524 Martin Luther aliwaandikia madiwani wa miji ya Ujerumani akiwasihi waanzishe shule na kuzitunza. Hoja yake moja ilikuwa ya mahesabu: ikiwa mji hutumia fedha nyingi kila mwaka kwa silaha, barabara na madaraja, kwa nini usitoe kiasi kama hicho kwa ajili ya vijana wake? Alitaka wasichana nao wasome. Kwa hiyo sisi Walutheri hatuwezi kuihesabu shule kuwa kazi ya ziada, ya kufanywa fedha zikibaki.

Zaidi ya miaka mia tatu baadaye, mwaka 1858, mchungaji kijana aitwaye Friedrich von Bodelschwingh alikwenda Paris kuwahudumia Wajerumani waliohamia huko kutafuta riziki. Wengi wao walikuwa wafagiaji wa barabara, na watoto wao hawakuwa na shule. Hakungoja jengo. Alianza kufundisha na watoto wachache, kisha akaomba msaada kwa Wakristo wa Ujerumani, hata kikapatikana kiwanja juu ya kilima na kujengwa shule pamoja na kanisa. Watoto walitangulia, kuta zikafuata. Tuukumbuke mpangilio huo, kwa sababu mara nyingi sisi huugeuza.

Mtu huyu alionja msiba mzito. Mwaka 1869 watoto wake wanne walifariki ndani ya majuma mawili. Mwaka 1872 akapokea kazi katika nyumba ya wagonjwa wa kifafa karibu na Bielefeld, ambayo hata leo inaitwa Betheli. Huko, mwaka 1890, alianzisha kazi ya kukusanya masalio. Watu waliombwa kutoa nguo kuukuu na vyombo vilivyokaa bure nyumbani, vikatengenezwa na kutumika tena. Wazo hilo lilitoka katika Injili ya Yohana sura ya 6, pale Bwana Yesu, baada ya kuwalisha watu elfu tano, alipowaagiza wanafunzi wakusanye vipande vilivyobaki ili kitu kisipotee.

Katika mwaka huo huo Bodelschwingh alianza kuisaidia misheni iliyokuwa ikifanya kazi katika pwani yetu. Mwaka 1891 Johanssen na Wohlrab walifungua kituo cha Mlalo, Usambara. Mwaka 1896, kwa fedha za chama cha Wakristo wa Ujerumani waliopinga utumwa, ikafunguliwa nyumba ya Lutindi, katika milima iliyo juu ya Korogwe. Ilikuwa kwa ajili ya watoto waliookolewa katika utumwa. Watoto hao hawakuwa na baba wa kuwalipia ada wala mjomba wa kuwasemea. Umaskini gani unazidi ule wa mtoto aliyekwisha kuwekewa bei?

Lakini tusiisimulie habari hii kama hadithi ya watu wema tu. Chama cha misheni kilichotuletea Injili kilianzishwa Berlin mwaka 1886, wakati Wajerumani wakiitwaa nchi yetu, na baadhi ya waanzilishi wake walikuwa watu wa ukoloni. Fedha za kujenga huja na mkono uliozishika. Waliotoa walikuwa na nia mbalimbali, na Mungu alizitumia bila kuzihalalisha zote. Tunajifunza pia kutoka Lutindi kwamba tangu mwaka 1904 nyumba ile ilianza kupokea wagonjwa wa akili, kazi inayoendelea hata sasa. Haja ilipobadilika, nyumba nayo ikabadilika. Haikung'ang'ania jina lake.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza wamisionari Wajerumani waliondolewa, na kwa miaka kadhaa sharika na shule za Usambara zilishikiliwa na walimu na wainjilisti wetu wenyewe. Hatimaye, mwaka 1963, Kanisa la Usambara-Digo liliungana na mengine kuwa KKKT. Miaka michache baadaye, kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, Serikali ilizitwaa shule za msingi za makanisa. Wazee wetu wengine walihuzunika, maana walikuwa wamebeba mawe ya kuta zile kwa vichwa vyao. Huzuni yao ilikuwa ya haki. Hata hivyo tukiri jambo moja: katika mkoa wenye Waislamu wengi kama wetu, kuna mzazi aliyesita kumpeleka mtoto shule ya misheni, ambaye sasa aliweza kumpeleka bila hofu.

Leo hali ni nyingine. Ada ya shule za msingi za Serikali ilifutwa mwaka 2001, na mwaka 2016 elimu ikawa bila ada hadi kidato cha nne. Sisi nasi tumejenga upya, na shule zetu nyingi hufundisha kwa Kiingereza na kutoza ada. Walimu lazima walipwe, hilo tunalijua. Lakini tumewahi kukaa katika kamati ya harambee tukasoma makisio ukurasa kwa ukurasa: saruji, mabati, uzio, chakula cha mgeni rasmi. Hapakuwa na mstari hata mmoja wa mtoto asiye na ada. Tuliyapitisha tukafunga kwa sala. Hakuna aliyenyosha mkono, nasi tukiwamo.

Basi tunapendekeza jambo dogo. Kabla ya kuhesabu mifuko ya saruji, kila jumuiya itaje kwanza watoto wanaoachwa nyuma, awe Mkristo au Mwislamu, mzima au mwenye ulemavu. Viti vyao viandikwe katika makisio juu ya mabati na uzio. Mapato na matumizi yasomwe mbele ya usharika, hata yule bibi asikie yai lake limefika wapi.

Yesu aliketi kuielekea sanduku la hazina akamwona mjane akitoa vyote alivyokuwa navyo. Bado ameketi pale. Anaiona sadaka ikiingia, na anatuona sisi tunaoitoa humo kwenda kuitumia.