Uhuru na Wenziwe

Kiswahili kina maneno ambayo hayapendi kutembea peke yake. Aombaye msaada wa kweli haombi mali tu, bali huomba hali na mali. Jambo zito huitwa la kufa na kupona. Marafiki wasioachana hufananishwa na chanda na pete, na mzee alalamikaye juu ya kupotea kwa adabu hutaja mila na desturi kwa pumzi moja. Walakini jozi hizi si za namna moja. Kufa na kupona ni mambo yapingayo. Mila na desturi ni majirani ambao mpaka wao ni vigumu kuuona. Chanda na pete ni vitu viwili mbalimbali, tena visivyohitajiana sawasawa. Pete bila chanda haina pa kukaa, ilhali chanda bila pete hubaki chanda.

Makusudi ya insha hii ni kulifuata neno moja, uhuru, na kutazama wenzi ambao lilipewa katika historia yetu. Kwa kuwa kila mwenzi alifungwa naye kwa kiungo kidogo sana, na, yatupasa kwanza kukitazama kiungo chenyewe.

Katika kata ya Itaka, wilayani Mbozi, mkoa wa Songwe uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, Kinyiha ni lugha ya nyumbani na Kiswahili ni lugha ya shule, soko na mkutano. Asikilizaye mazungumzo ya wakulima wa kahawa na mahindi hatakawia kuona kazi nyingi za kiungo hiki. "Baba na mtoto wamekwenda shambani": hapa wote wawili ni wenye safari. "Baba amekwenda shambani na mtoto": hapa safari ni ya baba, mtoto amefuatana naye. "Kahawa imeharibiwa na mvua": hapa na inamtaja mtenda jambo. "Ana shamba": hapa inaonyesha milki. Kiungo cha Kiingereza kilicho katika jozi za namna hii huunganisha tu. Chetu huunganisha, hufuatanisha, humtaja mtenda, tena humilikisha. Basi mtu asemapo uhuru na kazi, twaweza kuuliza kwa haki: je, hawa ni wasafiri wawili walio sawa, au mmoja amechukuliwa na mwenziwe?

Huru ni neno lenye asili ya Kiarabu lililopokea kiambishi cha Kibantu likawa uhuru. Kabla ya kuwa neno la taifa lilikuwa neno la mtu mmoja mmoja, na lililosimama mbele yake lilikuwa utumwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Mwaka 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed alitoa amri ya kuondoa hali ya utumwa katika sheria, lakini mtumwa ilimpasa aende mwenyewe kuudai uhuru wake. Tena aliyeupata alitakiwa awe na makao na njia ya kujipatia riziki. La sivyo, aliweza kuhesabiwa kuwa mzururaji. Katika Tanganyika sheria ya kuukomesha utumwa ilipitishwa mwaka 1922. Msomaji aitazame vema ile amri ya Unguja. Uhuru ulitolewa kwa mkono mmoja, na kazi ikawekwa mlangoni kama bawabu. Hakuna aliyetunga kaulimbiu wakati huo, lakini jozi ilikuwa imekwisha kuzaliwa, nayo ilizaliwa katika sura ya sharti.

TANU ilipoanzishwa tarehe 7 Julai 1954, neno hili lilipanda daraja. Uhuru haukuwa tena wa mtumwa mbele ya bwana wake, bali wa nchi nzima mbele ya serikali ya kigeni. Siku za kuudai lilitosha peke yake. Baada ya tarehe 9 Desemba 1961 lilihitaji mwenzi, maana lililodaiwa lilikuwa limepatikana. Januari 1962 Julius Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu akamwachia Rashidi Kawawa, naye akaenda kukijenga chama. Ndizo siku ambazo mwito wa Uhuru na Kazi ulisikika kila mahali. Watu walichimba barabara, wakajenga shule na zahanati kwa kujitolea. Hapa kazi haikuwa bawabu, bali ilikuwa mwenzi: aliyeshika jembe alijiona kuwa ni mwenye uhuru, na uhuru wake ulionekana katika jembe lile.

Mfano ulio bora upo katika Mbozi yenyewe. Reli ya TAZARA, iliyojengwa tangu 1970 hata 1975 na kukabidhiwa mwaka 1976, hupita Vwawa na Tunduma katika safari yake ya kilomita 1,860 kati ya Dar es Salaam na Kapiri Mposhi. Ilijengwa kwa jasho la Watanzania, Wazambia na Wachina, ili Zambia isilazimike kupitisha shaba yake katika nchi zilizokuwa bado chini ya utawala wa walowezi. Watu wakaiita Reli ya Uhuru. Katika jina hilo kazi haikutajwa, wala haikuhitaji kutajwa.

Jozi ya pili ni Uhuru na Umoja, maneno yaliyoandikwa katika Nembo ya Taifa. Kwa sarufi ni jozi tulivu kuliko ile ya kwanza. Uhuru na kazi ni wa ngeli mbili, kwa hiyo msemaji husema "vinakwenda pamoja", akakiri kwamba ni viwili. Uhuru na umoja ni wa ngeli moja, na aghalabu husikika "uhuru na umoja wetu", kana kwamba ni kitu kimoja. Baada ya Muungano wa tarehe 26 Aprili 1964 jambo hilo halikuwa la sarufi tu. Ng'ambo ya mpaka wa Tunduma, Wazambia walichagua kaulimbiu isiyo na kiungo chochote: Zambia moja, taifa moja. Sisi tulichagua kiungo, na mwenye kiungo hana budi kuvilinda vitu viwili.

Nyerere mwenyewe aliifanya jozi hii kuwa mfululizo. Vitabu vyake vitatu vya hotuba na maandishi, vilivyotolewa kwa Kiingereza, vilibeba pia majina ya Kiswahili: Uhuru na Umoja mwaka 1966, Uhuru na Ujamaa mwaka 1968, Uhuru na Maendeleo mwaka 1973. Uhuru haukubadilika, mwenziwe ndiye aliyebadilishwa. Katika andiko la Oktoba 1968 lililokipa kitabu cha tatu jina lake, alifundisha kwamba watu hawaendelezwi na mwingine, ila hujiendeleza wenyewe. Huko ndiko kuisoma na kwa maana ya wasafiri wawili walio sawa. Lakini Novemba 1973, mwaka uleule wa kitabu, ilitangazwa kwamba kuishi vijijini ni amri, na mwisho wa mwaka 1976 ukawekwa kuwa kikomo. Mamilioni walihama, wengine kwa hiari, wengine kwa kusukumwa na nyumba zao kubomolewa. Maendeleo yalitangulia, uhuru ukafuata nyuma kama mtoto aliyeshikwa mkono. Mwaka 1983 ikaja sheria ya Nguvu Kazi, na neno mzururaji likasikika tena mijini, miaka 86 baada ya amri ya Sultani.

Haitakuwa haki kusema kwamba waliotoa amri hizo walikuwa waongo wa maneno yao. Shule, visima na zahanati vilivyotafutwa katika vijiji vilikuwa na manufaa ya kweli, na mkulima aliyekaa mbali na jirani alikuwa vigumu kufikiwa. Lakini historia ya jozi hizi yaonyesha jambo ambalo sarufi peke yake haiwezi kulionyesha. Kiungo na kina adui wa siri, naye ni neno ikiwa. Uhuru na kazi ni ahadi. Uhuru ikiwa kuna kazi ni kibali. Maneno mawili yaliyotajwa ni yaleyale, na msikilizaji asiye mwangalifu haoni kilichobadilika kati yake.

Kwa hiyo mwanafunzi wa lugha akutapo jozi ya maneno katika kaulimbiu, katika sheria au katika hotuba ya mkutano wa kijiji, asiridhike kuuliza maana ya kila neno. Na aulize pia ni nani mwenye safari na ni nani aliyechukuliwa. Uhuru ni chanda, na wenzi wake ni pete. Pete humpamba mvaaji, wala hakuna alaumuye uzuri wake. Lakini pete iliyobana mno huondolewa, hakikatwi chanda.