Katuruka
Katuruka ni kijiji cha Maruku, Wilaya ya Bukoba, mkoani Kagera, chenye eneo la urithi lililofufuliwa na wanakijiji wenyewe. Hapa palikuwa makao ya Rugomora Mahe, mfalme wa karne ya 17, na mti mtakatifu wa Kaiija. Wazee wa Kihaya walisimulia kwamba chini ya mti huo wahunzi walifua chuma cha mnara wa mfalme, uliokusudiwa kufika mbinguni. Mwaka 1970 mwanaakiolojia Peter Schmidt kutoka Marekani alichimba hapo, akakuta mabaki ya uhunzi aliyoyakadiria kuwa na umri wa zaidi ya miaka 2,000. Vitabu havikuwa na habari hiyo. Wazee walikuwa nayo.

Baadaye UKIMWI uliwachukua wengi wa wasimulizi hao na eneo likatelekezwa. Mwishoni mwa miaka ya 2000 wanakijiji walianza kukusanya upya masimulizi, safari hii wakiwahoji pia wanawake, ambao awali waliachwa kando isivyo haki. Wakaijenga tena nyumba ya kifalme: msonge, paa la nyasi likishuka hadi karibu na ardhi. Schmidt alirudi kushirikiana nao, lakini wazo lilikuwa lao.