Wakasai na Wakatanga katika miji ya shaba: ulinganisho wa hali za maisha na historia yake

Utangulizi

Katika miji ya shaba ya Katanga, yaani Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, kuna swali ambalo tangu zamani watu huliuliza kwa sauti ya chini nyakati za amani na kwa kelele nyakati za vurugu: kwa nini watu waliotoka Kasai walionekana kuwatangulia wenyeji katika kazi za mshahara, katika shule na katika biashara? Majibu mawili ndiyo yaliyozoeleka. La kwanza husema kwamba Waluba wa Kasai, kwa asili yao, ni watu wa bidii na wapenda maendeleo. La pili husema kwamba walipendelewa na Wabelgiji, kisha wakawaita ndugu zao na kuwafungia wenyeji mlango. Jibu la kwanza lilipendwa na maofisa wa kikoloni; la pili lilipata nguvu katika mikutano ya siasa. Ingawa yanapingana, yote mawili yana kasoro moja: yanalichukua kabila kuwa kitu kimoja, chenye tabia moja na bahati moja, kabla ya kuchunguza ni nani hasa wanaolinganishwa.

Makala haya yanakusudia kuonyesha mambo mawili. Kwanza, tofauti hiyo ilikuwa ya kweli, lakini chanzo chake hakikuwa damu wala mila. Kilikuwa reli, mikataba ya kazi, shule, na wakati ambapo kila kundi lilikutana na vitu hivyo. Pili, waliotaka kuiondoa tofauti hiyo kwa kuwafukuza watu hawakuondoa chanzo chake, wala hawakumtajirisha mwenyeji wa kawaida.

1. Migodi yenye shaba, nchi yenye watu wachache

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Reli kutoka kusini ilifika Élisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, mwaka 1910, na mwaka uliofuata shaba ya kwanza ikayeyushwa huko. Lakini Katanga ya kusini ilikuwa nchi yenye watu wachache. Zaidi ya hayo, kwa Walamba, Wasanga, Wakaonde na majirani zao, kwenda migodini hakukuwa na faida kubwa. Katika miaka ile ya mwanzo vifo vilikuwa vingi kambini. Mwanakijiji aliyekaa karibu na reli aliweza kuwauzia watu wa kambi unga, mihogo au samaki, akapata fedha ya kodi bila kuingia katika kazi ya hatari. Jambo ambalo baadaye liliitwa uvivu wa wenyeji lilikuwa, katika miaka hiyo, hesabu nzuri ya mkulima aliyejua thamani ya uhai wake na ya shamba lake.

Kwa hiyo kampuni ilitafuta watu mbali. Sehemu kubwa ya wafanyakazi wa kwanza ilitoka Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Kuanzia mwaka 1925 hadi karibu na mwisho wa muongo huo watu waliandikwa pia huko Ruanda-Urundi, na wengine wengi walitoka Lomami na Kasai. Kuandika watu wa mbali kwa muda mfupi kulikuwa na gharama kubwa: kuwasafirisha, kuwafundisha kazi, kuwapoteza kwa maradhi, kisha kuwarudisha makwao. Ndipo katika miaka ya 1927 na 1928 kampuni ilipogeuza siasa yake. Mfanyakazi alipewa mkataba wa miaka mitatu, akahimizwa kuja na mkewe, akapewa nyumba kambini, posho na matibabu. Watoto wake waliwekwa katika shule zilizoongozwa na mapadri Wabenediktini. Lengo lilikuwa kupata kizazi cha pili cha wafanyakazi kutoka tumboni mwa kambi yenyewe.

Mwaka huohuo wa 1928 ilikamilika reli ya kampuni ya BCK kutoka Bukama hadi Port-Francqui, ambayo leo ni Ilebo. Njia hiyo ilipita katikati ya nchi ya Kasai. Hivyo mambo mawili yalikutana karibu kwa wakati mmoja: kampuni iliyohitaji watu wa kukaa, na gari la moshi lililoweza kuwaleta pamoja na wake zao.

2. Waliotoka Kasai walikuwa watu gani?

Ili kuelewa ni watu gani waliopanda gari hilo, hatuna budi kurudi nyuma hadi mwisho wa karne ya 19. Wakati huo nchi iliyo kati ya mito ya Lomami na Lulua ilikumbwa na vita na misafara ya kuteka watumwa. Miongoni mwa walioiongoza alikuwamo Ngongo Lutete, ambaye kwa muda alikuwa mshirika wa Tippu Tip. Waluba wengi waliacha vijiji vyao wakakimbilia magharibi. Walijikusanya karibu na boma la Luluabourg lililoanzishwa mwaka 1884, na baadaye karibu na misheni: ile ya mapadri wa Scheut huko Mikalayi, na ile ya Wapresbiteri wa Marekani huko Luebo, zote za mwaka 1891.

Mkimbizi asiye na ardhi ya mababu hana mengi ya kuchagua. Aliyejifunza kusoma, kupiga randa au kushona nguo alipata riziki. Aliyengoja shamba alingoja ardhi ya mwenziwe. Kwa sababu hiyo, reli ilipofika, Kasai ilikuwa tayari na watu waliozoea kalamu na mshahara. Miongoni mwao walipatikana makarani wa stesheni, mafundi na makapita.

Hata hivyo, isidhaniwe kwamba kila Mkasai alikuwa karani. Wengi walikuwa vibarua wa kawaida, waliolala katika kambi zilizolindwa na kufanya kazi kwa amri. Mwezi wa Desemba 1941, wafanyakazi waliogoma kudai mishahara huko Élisabethville walipigwa risasi na askari, na miongoni mwa waliouawa walikuwamo watu wa Kasai. Kampuni iliwataka kwa sababu kazi yao iliifaa, na walipodai zaidi ya walichopewa, iliwakatalia sawa na wengine.

3. Ulinganisho wa namna tatu

Tukitaka kupima kama asili ya kabila ndiyo iliyoleta tofauti, historia ya nchi inatupatia vipimo vitatu.

Kipimo cha kwanza ni Waluba na Walulua wa Kasai yenyewe. Makundi haya mawili husema lugha moja, yaani Kiluba cha Kasai, na mila zao ni za shina moja. Mpaka kati yao ulikazwa baada ya miaka ya 1880, wakati Waluba waliokimbia walipokuja kukaa kwenye nchi ya Walulua. Hata hivyo, kufikia miaka ya 1950, Waluba ndio waliokuwa wengi katika kazi za ofisi mjini Luluabourg, nao Walulua walilalamika kwamba wameachwa nyuma katika ardhi yao wenyewe. Malalamiko hayo yalizaa chama cha Lulua-Frères, na mwezi wa Oktoba 1959 yakazaa vita. Ikiwa watu wenye lugha moja na mila moja walifikia hali tofauti katika muda wa miaka 70, basi tofauti hiyo haiwezi kuelezwa kwa lugha wala kwa mila. Kundi moja lilikuwa na ardhi likaishikilia. Jingine halikuwa nayo, likashika shule.

Kipimo cha pili ni Waluba wa Kasai na Waluba wa Katanga. Wote husimulia asili inayorudi kwenye milki za kale za Waluba. Lakini kaskazini mwa Katanga shule zilikuwa chache kuliko zile za miji ya migodi, na vijiji vingi vilikuwa mbali na kambi. Mluba wa Bukama au wa Malemba-Nkulu alipofika mjini, alihesabiwa kuwa mwenyeji, naye mara nyingi alianzia kwenye kazi za chini kama wenyeji wengine. Jina la Mluba peke yake halikumfungulia ofisi yoyote.

Kipimo cha tatu ni Wakasai waliohama na Wakasai waliobaki. Mara nyingi mzungumzaji wa mjini humchukua mwalimu Mkasai wa Likasi na kumlinganisha na mkulima Mlamba wa kijijini, kisha akasema: tazama tofauti ya makabila. Ulinganisho huo si wa haki. Mwalimu yule alipaswa kulinganishwa na mwalimu mwenyeji aliyesoma shule ileile. Na mkulima Mlamba alipaswa kulinganishwa na mkulima wa Kasai aliyelazimishwa kulima pamba. Tukiwapanga hivyo, sehemu kubwa ya tofauti inaanza kufuata shule, kazi na njia, wala haifuati tena kabila.

4. Kutoka hesabu za mitaani hadi stesheni za reli

Maelezo hayo hayafuti uchungu wa wenyeji, na mwanahistoria asiwacheke. Katika uchaguzi wa komini mjini Élisabethville mwezi wa Desemba 1957, waliopata uongozi wa komini za Waafrika hawakuwa wenyeji wa Katanga ya kusini. Wengi wao walikuwa watu wa Kasai. Kwa mtu aliyeona ardhi ya babu zake ikichimbwa, na sasa anaona hata kiti cha komini kinakaliwa na mwingine, lilikuwa jambo zito. Mwezi wa Oktoba 1958 chama cha Conakat kikaundwa ili kutetea wale walioitwa Wakatanga halisi. Tarehe 11 Julai 1960 Katanga ilijitenga chini ya Moïse Tshombe, na mwaka 1961 maelfu kwa maelfu ya Waluba walikimbilia kambi iliyolindwa na askari wa Umoja wa Mataifa mjini Élisabethville. Kujitenga huko kulikoma mwezi wa Januari 1963.

Mwaka 1967 serikali ya Mobutu ilitaifisha migodi, nayo kampuni mpya hatimaye ikaitwa Gécamines. Mapato yaliyokuwa yakienda Brussels sasa yalikwenda Kinshasa. Baada ya vita vya Shaba vya miaka ya 1977 na 1978, Wakatanga wengi walitazamwa kama washirika wa maadui wa serikali. Hapo malalamiko ya zamani yalipata sababu mpya, lakini anayelaumiwa alibaki yuleyule: si aliyechukua faida ya shaba, bali jirani mwenye kazi nzuri kidogo.

Kisha kampuni yenyewe ikaanza kuanguka. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba. Mwezi wa Septemba 1990 sehemu ya mgodi wa Kamoto iliporomoka, na mwaka 1993 uzalishaji haukufika tani 50,000. Nafasi za kazi zilipopungua, swali la nani mwenye haki ya kazi likawa swali la nani mwenye haki ya kukaa. Mwezi wa Agosti 1992 Mkutano Mkuu wa Kitaifa ulimchagua Étienne Tshisekedi, mtu wa Kasai, kuwa waziri mkuu badala ya Nguz Karl-i-Bond, mtu wa Katanga. Baada ya hapo vurugu zilipamba moto Likasi, na mwaka 1993 zikafika Kolwezi. Neno la Kiswahili cha Katanga, «bilulu», maana yake wadudu, lilitamkwa hadharani juu ya watu. Familia zilijaa kwenye stesheni, zikangoja gari la moshi la kwenda Kasai, na wengi walikufa kwa maradhi na njaa, katika kungoja au njiani.

Wasomaji wa lugha wanapaswa kuzingatia jambo moja zaidi. Wengi wa waliofukuzwa walizaliwa Katanga. Lugha waliyochezea utotoni ilikuwa Kiswahili, kilekile kilichoenezwa kambini kama lugha ya kazi. Waliposhuka Mwene-Ditu au Mbuji-Mayi, walipokewa kama wageni katika nchi iliyosemwa kuwa yao.

5. Baada ya kuondoka kwao

Ikiwa Wakasai ndio waliozuia maendeleo ya wenyeji, basi kuondoka kwao kungeleta nafuu. Haikuwa hivyo. Kampuni ilipoteza mafundi na wahandisi, shule zikapoteza walimu, na waliorithi nafasi walirithi kazi isiyo na mshahara. Katika miaka iliyofuata wafanyakazi wa Gécamines, Wakatanga na wengineo, walikaa miezi mingi bila kulipwa. Mwaka 2003 zaidi ya 10,000 kati yao waliondolewa kazini kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, uliogharimiwa kwa msaada wa Benki ya Dunia. Mpango huo haukuuliza mtu ametoka wapi. Waliojiita wana wa shaba, ambao kampuni iliwalea kama baba, walijikuta wote yatima.

Tamati

Yaliyosemwa hapa hayamaanishi kwamba watafiti waache kulinganisha hali za jamii mbalimbali za nchi. Kuzinyamazia tofauti huwaachia wachochezi uwanja mtupu. Bali kila anayelinganisha aulize kwanza: watu hawa waliingia katika uchumi wa fedha lini, na kwa mlango gani? Wanalinganishwa na nani: na wenzao wa shule na kazi ileile, au na watu wa hali nyingine kabisa? Na faida kubwa ya kazi ya wote wawili ilikwenda wapi?

Maswali hayo si ya zamani tu. Tangu mwaka 2015 Katanga imegawanywa kuwa majimbo manne. Kampuni mpya zinachimba shaba na kobalti katika Haut-Katanga na Lualaba, huku vijiji vingi vya Haut-Lomami na Tanganyika vikibaki mbali na mapato hayo. Vijana wa Kasai wanaendelea kuja kutafuta maisha, na maneno ya mwaka 1992 husikika tena sokoni na katika vituo vya magari. Kabla ya maneno hayo kuota meno, ni wajibu wa chuo kikuu kueleza, kwa lugha inayoeleweka na wote, jinsi mwenyeji na mkuja walivyogombania ujira mdogo huku mapato makubwa ya shaba yakipelekwa kwingine.