Jinsi ya kuwakinga watoto wadogo na sumu ya risasi nyumbani

MADINI ya risasi yakishageuka vumbi hayaonekani kwa urahisi wala hayana harufu, ilhali yanaweza kumdhuru mtoto hata kabla hajajua kusema. Katika nyumba za Mji wa Kale na kwingineko kisiwani Mombasa, hatari hiyo yaweza kuwa kwenye rangi ya mlango, wanja wa macho au sufuria ya uji.

Shirika la Afya Duniani, WHO, linaeleza kwamba hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo hufyonza risasi aliyoimeza mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima. Sumu hiyo hudhoofisha akili, hupunguza damu na, ikizidi, huleta degedege na kifo. Madhara ya ubongo hayarekebishiki, hivyo kinga ndiyo njia ya pekee ya kutegemewa.

Rangi

Rangi nyingi za mafuta za zamani zilitiwa risasi ili zing'ae na kukauka upesi. Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, KEBS, sasa haliruhusu zaidi ya sehemu 90 za risasi kwa kila milioni, lakini sheria hiyo haibandui rangi iliyokwisha kupakwa. Inapobambuka au kupigwa msasa ikiwa kavu, vumbi lake hutua sakafuni anapotambaa mtoto. Fundi ailoweshe kwanza, watoto na waja wazito waondolewe, na sakafu ipigwe deki badala ya kufagiwa.

Wanja

Wanja wa manga wa asili mara nyingi husagwa kutokana na galena, jiwe lenye risasi na salfa. Ni desturi ya Pwani kumpaka mtoto wanja ili apendeze au akingwe na jicho la hasidi. Mtoto hupangusa macho, kisha hutia vidole mdomoni. Si kila wanja una risasi, lakini hautambulikani kwa kuutazama. Lililo salama ni kutompaka.

Jikoni na vyombo vya uvuvi

Sufuria zilizosubuliwa kwa vyuma chakavu zaweza kutoa risasi, hasa zikipikiwa vyakula vichachu vya ukwaju, ndimu au nyanya. Wavuvi nao wasiyeyushe chubwi za risasi jikoni wala uani wanakocheza watoto.

Funzo la Owino Uhuru

Mtaani Owino Uhuru, upande wa bara wa Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilichofungwa mwaka wa 2014 kiliwadhuru wakazi wengi. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wake, alianza harakati baada ya mwanawe mdogo kupatikana na risasi katika damu. Desemba 2024, Mahakama ya Juu ilirejesha fidia ya Sh1.3 bilioni iliyoamuliwa mwaka wa 2020. Hata hivyo, fidia haimrudishii mtoto afya aliyoipoteza.

Kwa sababu hiyo, mzazi mwenye shaka asingoje dalili bali aombe mtoto apimwe damu. WHO ilishauri mwaka wa 2021 kwamba mikrogramu 5 au zaidi kwa desilita zikipatikana, chanzo kitafutwe na kuondolewa. Anawe mikono kabla ya kula, na apewe maziwa, dagaa, maharagwe na mchicha, kwani mwili uliokosa madini ya chuma na kalisi hufyonza risasi zaidi.