Maegesho ni ya Kaunti, Mwendo Si Wake

Mwaka 1903 Bunge la Uingereza liliruhusu magari kwenda maili 20 kwa saa, yaani kilomita 32 hivi. Papo hapo likamwekea dereva kinga: asihukumiwe kwa kauli ya shahidi mmoja aliyekadiria mwendo kwa macho tu. Kinga hiyo ilihamia kwenye Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, na bado imo. Ndiyo maana trafiki anayejibanza chini ya mgunga karibu na Emali huja na kifaa cha kupimia. (Madereva nao wana dawa yao: kuwashiana taa.)

Lakini serikali ya kaunti ya Makueni, au ya Kitui, inaweza kununua kifaa kama hicho na kutoza faini?

Katiba ya 2010 ingemaliza ubishi. Badala yake, Jedwali la Nne linataja trafiki mara mbili. Serikali ya kitaifa imepewa trafiki ya barabarani na barabara kuu. Kaunti zimepewa barabara zao, taa za mitaani, trafiki na maegesho. Wakili mbishi angejipenyeza katika ufa huo. Sidhani angefika mbali. Polisi wako chini ya Inspekta Jenerali, makosa ya mwendo yamo katika sheria ya Bunge, na sheria ndogo ya kaunti haiwezi kuifuta.

Hata serikali ya kitaifa haikuwa na uhakika nani asimamie barabara. NTSA, mamlaka ya kitaifa ya usafiri na usalama iliyoundwa kwa sheria ya 2012, iliondolewa kwenye ukaguzi wa barabarani Januari 2018 kwa agizo la Rais Uhuru Kenyatta, kazi ikaachiwa polisi.

Na barabara zenyewe? Ile ya Mombasa inaipasua Makueni ikipitia Sultan Hamud, Emali, Makindu na Kibwezi hadi Mtito Andei. Ya kutoka Kitui kupitia Mutomo inaiangukia hapo Kibwezi. Zote mbili ni za taifa. Sheria inataka kilomita 50 kwa saa ndani ya mji au kituo cha biashara. Wenye mbuzi wa Mutomo wanajua inavyotiiwa.

Kwa hiyo askari wa kaunti hufunga mnyororo gurudumu la gari lililoegeshwa vibaya sokoni. Lori likipita kwa kasi nyuma yake, yeye hushika kofia isipeperuke, kisha huendelea kuandika risiti.