Kibanda cha giza kilichofichua kalenda ya miti

Mwezi Julai 1918, katika shamba la majaribio la Arlington, Virginia, ng'ambo ya Mto Potomac kutoka jijini Washington, wataalamu wawili wa Wizara ya Kilimo ya Marekani walikuwa na kibanda kisichopitisha mwanga. Wightman Garner na Harry Allard waliingiza humo mimea ya soya na tumbaku saa 10 alasiri, wakaitoa saa 3 asubuhi iliyofuata, siku baada ya siku.

Tumbaku hiyo, aina ya Maryland Mammoth, ilikuwa fumbo. Ikipandwa majira ya joto ilirefuka kupita mita 3 bila kuchanua, ilhali aina nyingine zilichanua katika shamba lilo hilo. Joto, unyevu na mbolea havikutoa jibu. Giza la kibanda lilipoifupisha siku, ikachanua. Mwaka 1920 wataalamu hao walitangaza kwamba mimea huongozwa na urefu wa siku, na kwamba kila aina ina kipimo chake cha kurithi.

Ugunduzi huo uliwafaa sana wataalamu wa misitu. Mti uitwao Douglas, wa jamii ya misonobari, huota kuanzia Kanada hadi Mexico. Miche inayotokana na mbegu za kaskazini, ikipandwa kusini, husimama kukua mapema, kwa kuwa siku za huko wakati wa kiangazi ni fupi kuliko ilizozoea. Ile ya kusini, ikipelekwa kaskazini, huendelea kuchipua hadi baridi kali ikaunguza machipukizi yake. Miche hufanana machoni. Kalenda iliyomo ndani ndiyo tofauti.

Shamba la Arlington lilichukuliwa na jeshi mwanzoni mwa miaka ya 1940, na utafiti ukahamia Beltsville, Maryland. Huko, mwaka 1959, ilithibitishwa kuwepo kwa fitokromu, kemikali ambayo mmea huitumia kuutambua mwanga.

Afrika Mashariki, ambako siku hukaribia saa 12 mwaka mzima, misonobari yenye asili ya Mexico imepandwa Sao Hill, Tanzania. Hapo pia swali la kwanza ni asili ya mbegu, kwani kosa la mche huonekana miaka mingi baadaye.

Leo swali hilo ni zito zaidi. Joto la dunia linapanda, lakini urefu wa siku haubadiliki. Mche unaoitii kalenda ya mababu zake unaweza kujikuta katika majira wasiyoyajua.